Tuta la Sentimita Kumi

Mtoto wa darasa la pili yuko katikati ya barabara ya lami, mita 14 mbele ya gari. Lami ni kavu, breki ni nzima, dereva hajalewa wala hana simu mkononi. Kama gari linakwenda kilomita 30 kwa saa, dereva atahitaji sekunde moja hivi kushtuka na kuhamisha mguu, na katika sekunde hiyo gari litasogea mita 8 na kidogo. Kisha breki zitashika na gari litasimama baada ya mita 5 nyingine. Jumla ni mita 13. Mtoto atatetemeka, dereva atafoka, na kila mmoja ataendelea na safari yake.

Rudia hesabu hiyo kwa kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha kawaida cha mwendo katika maeneo ya makazi nchini Tanzania. Sekunde ya kushtuka peke yake inamaliza karibu mita 14. Mguu wa dereva unapogusa breki, bampa tayari limemfikia mtoto, na mwendo haujapungua hata kidogo. Tena sekunde moja ni ya dereva aliye macho. Aliyechoka, au aliyegeuka kujibu abiria, huchukua sekunde moja na nusu au zaidi.

Taarifa za ajali tunazosikia redioni huishia karibu zote mahali pamoja: chanzo ni uzembe wa dereva, au mtembea kwa miguu alivuka bila kuangalia. Uzembe upo, na anayeendesha amelewa anastahili mahakama. Lakini katika mfano huu hakuna aliyezembea. Mtoto amefanya utoto, dereva ameheshimu sheria, na bado mtoto amegongwa kwa kasi yote. Wataalamu wa usalama barabarani wameacha siku nyingi kutafuta binadamu asiyekosea. Wanachotafuta ni barabara ambayo binadamu akikosea hafi. Bunge la Sweden lilipitisha wazo hilo kuwa sera ya taifa mwaka 1997. Sisi bado tunachora mabango ya kuwaambia watoto wawe makini.

Fizikia yenyewe ni ya kidato cha pili. Nishati ya gari haipandi sambamba na mwendo, hupanda kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ukitoka kilomita 30 kwenda 50, mwendo umeongezeka kwa theluthi mbili, lakini nishati inayokwenda kumpiga mtu imekaribia kuwa mara tatu. Kugongwa na gari lenye mwendo wa kilomita 30 kwa saa ni kama kuanguka kutoka mita tatu na nusu, urefu wa paa la nyumba ya kawaida. Watu huvunjika miguu, huumia vibaya, ila wengi hupona. Kwa kilomita 50 ni kama kuanguka kutoka karibu mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Kwa 80, mwendo ambao magari huufikia usiku kwenye barabara yoyote pana iliyonyooka, ni mita 25.

Mtafiti wa Sweden, Göran Nilsson, alichambua takwimu za nchi yake pale vikomo vya mwendo vilipobadilishwa, akakuta kwamba vifo hupanda na kushuka kwa takriban kipeo cha nne cha wastani wa mwendo. Ukishusha wastani kutoka kilomita 50 hadi 45, asilimia 10 tu, vifo vinapungua kwa karibu theluthi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, WHO, hurudia kanuni moja fupi: kila asilimia 1 inayoongezeka kwenye mwendo wa wastani huongeza hatari ya ajali ya kifo kwa asilimia 4. Mwaka 2020 mawaziri waliokutana Stockholm walikubaliana kwamba pale watu na magari wanapochangamana, kikomo kiwe kilomita 30 kwa saa. Namba hiyo haikuokotwa. Imetoka kwenye kiasi cha kishindo ambacho mifupa na ubongo wa binadamu vinaweza kukistahimili.

Tuliko sisi hali inakwenda kinyume. Ripoti ya WHO ya mwaka 2023 ilikadiria vifo milioni 1.19 vya barabarani duniani katika mwaka 2021, ikasema ajali za barabarani ndizo sababu ya kwanza ya vifo vya watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Tangu 2010 dunia kwa jumla ilikuwa imepunguza vifo hivyo kwa asilimia 5. Katika kanda ya Afrika viliongezeka kwa asilimia 17.

Tuna mazoea ya kujibu kwa kusema: wafundishwe watoto kuvuka. Angalia kulia, angalia kushoto, angalia tena kulia. Ni mafunzo mazuri na sina ugomvi nayo. Ila mwaka 2011 John Wann, Damian Poulter na Catherine Purcell wa chuo cha Royal Holloway, Chuo Kikuu cha London, walichapisha matokeo ambayo kila mwalimu wa shule ya msingi angepaswa kuyajua. Walipima uwezo wa watoto na watu wazima kutambua kwamba gari linawajia. Jicho halina kipima mwendo. Linachofanya ni kuona jinsi taswira ya kitu inavyokua: kitu kikikua haraka machoni, kinakuja haraka. Sasa chukua magari mawili ambayo yote yatakufikia baada ya sekunde tano. Lile la kasi zaidi liko mbali zaidi, kwa hiyo taswira yake ni ndogo na inakua taratibu. Kwa jicho ambalo halijakomaa, gari hilo limesimama. Watafiti hao walihitimisha kwamba watoto wa umri wa shule ya msingi huenda wasitambue gari linalokuja kwa zaidi ya kilomita 32 hivi kwa saa.

Maana yake mtoto anaweza kuangalia kulia, kushoto, na tena kulia kama alivyofundishwa, akaingia barabarani na kugongwa, na hakukosea hata hatua moja ya somo. Ubongo wake ulimwambia njia ni nyeupe.

Ongeza upana wa barabara. Barabara ya njia nne, kila moja mita tatu na nusu, ina mita 14 za kuvuka. Kwa mwendo wa kawaida wa mtu mzima ni sekunde 12 hivi. Katika muda huo gari la kilomita 50 kwa saa linakuwa limetoka zaidi ya mita 160. Mvukaji anatakiwa kukadiria, kwa macho, kitu kilicho mbali zaidi ya urefu wa uwanja mzima wa mpira na nusu yake, tena pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ukijenga kisiwa katikati ya barabara, hesabu inagawanyika: anavuka mita saba, anaangalia upande mmoja, anasimama, anavuka saba nyingine. Kisiwa ni zege na ukingo, hakuna cha ajabu. Lakini wahandisi wetu wengi wanapopanua barabara huanza kwa kukiondoa, kwa sababu kinakula nafasi ya magari.

Na zebra je? Zebra ni rangi, na rangi haisimamishi gari. Nchini Marekani timu ya Charles Zegeer ililinganisha sehemu 1,000 za kuvukia zilizochorwa na 1,000 zisizochorwa katika miji 30. Kwenye barabara za njia mbili hapakuwa na tofauti. Kwenye barabara za njia nyingi zinazopitisha magari zaidi ya 12,000 kwa siku, penye zebra tupu watu waligongwa zaidi. Sababu yake mkazi yeyote wa Dar es Salaam anaijua kwa macho: gari la njia ya kwanza linasimama kiungwana, mtu anaingia, na gari la njia ya pili ambalo halimwoni linapita. Zebra ya barabara pana inahitaji kitu cha kuilinda: taa, kisiwa, au tuta.

Hapo ndipo tunapofikia tuta, kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote katika uhandisi wa barabara. Halina heshima ya barabara za juu wala halizinduliwi na waziri. Madereva wanalilaani. Lakini lina sayansi yake, na asiyeijua hujenga balaa.

Mwaka 1973 G. R. Watts wa maabara ya utafiti wa usafiri ya Uingereza alitoa matokeo ya majaribio ya matuta ya maumbo mbalimbali. Tuta jembamba, la sentimita chache kwa upana, lina kasoro: ukilipita polepole linakurusha, ukilipita kwa kasi springi za gari zinalimeza na mwili hausikii sana. Yaani linampa zawadi anayekimbia. Watts akaja na umbo refu, mita 3.7 kwenda mbele na sentimita 10 kwenda juu, lililopinda taratibu. Gari zima linapanda juu yake na kushuka, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo dereva anavyorushwa zaidi. Ukipita kwa kilomita 25 hakuna shida. Ukipita kwa 60 utagonga kichwa juu. Hapo dereva hahitaji trafiki, hahitaji dhamiri, hahitaji hata kusoma kibao. Kiuno chake kinamtosha.

Sasa tazama matuta yanayojengwa na wananchi mitaani baada ya mtoto kugongwa. Vijana wanachimbua udongo au kumwaga zege usiku, wanajenga kitu kifupi, chenye ncha, bila rangi, bila kibao. Hasira yao naielewa. Wamezika, na wamechoka kusubiri. Lakini tuta la namna hiyo linavunja springi za bajaji, linaangusha bodaboda gizani, na baada ya wiki mbili dereva aliyelizoea anajua pembe ya kulipitia. Kisha linakuja greda la halmashauri na kulifuta, na mtaa unarudi ulipokuwa. Udongo ule ule na nguvu ile ile, kwa umbo sahihi, vingetosha.

Kuna pia rasta, ile mistari iliyoinuka ambayo hutetemesha gari kabla ya makutano. Katika makutano ya Suhum, kwenye barabara kuu ya Accra kwenda Kumasi nchini Ghana, walipoweka rasta ajali zilipungua kwa takriban asilimia 35 na vifo kwa asilimia 55 kati ya Januari 2000 na Aprili 2001. Ni barabara kuu ya nchi ya Kiafrika, yenye malori na mabasi kama yetu. Hakuna aliyebadilishwa tabia kwa semina.

Ushahidi wa karibu zaidi uko Dar es Salaam kwenyewe. Shirika la Amend, ambalo hushughulika na usalama wa barabarani katika miji ya Afrika, lilianzisha hapo mpango uitwao SARSAI wa kukagua na kuboresha barabara zinazozunguka shule za msingi. Hawakuanza na shule zenye wakuu wenye majina makubwa. Walianza kwa kuuliza ni shule gani watoto wake wanagongwa zaidi, wakatembea njia ambazo watoto hutembea, wakaangalia wanavukia wapi hasa, si pale mchoro unaposema wangevukia. Kisha wakafanya mambo madogo: matuta ya vipimo sahihi, zebra juu yake, njia ya miguu iliyotengwa na lami, nguzo fupi za kuzuia magari na bodaboda kupanda kwenye njia hiyo, vibao. Mahali pengine walihamisha geti. Shule ilikuwa inatema watoto mamia moja kwa moja kwenye barabara kubwa; geti likafunguliwa upande wa mtaa wa nyuma, na hatari ikabaki ng'ambo ya ukuta.

Walilinganisha watoto wa shule zilizoboreshwa na watoto wa shule nyingine zinazofanana nazo ambazo hazikuguswa. Majeruhi walipungua kwa takriban asilimia 26, na mahali pengine mwendo wa magari ulishuka hadi kwa asilimia 60. Mwaka 2019 mpango huo ulitwaa tuzo ya kwanza kabisa ya WRI Ross Prize for Cities, dola 250,000, ukiishinda miradi ya miji mikubwa yenye bajeti ambazo zingejenga matuta ya nchi nzima. Sijui habari hiyo ilipewa dakika ngapi kwenye televisheni zetu. Nadhani hazikuzidi zile za barabara ya juu iliyofunguliwa wiki hiyo hiyo mahali fulani.

Lakini mtaa hauna shule tu. Una kituo cha daladala, na kituo ndipo waenda kwa miguu na magari makubwa wanapokutana mara nyingi zaidi kwa siku. Kituo kikiwekwa vibaya kinaua hata kama barabara ni nzuri. Basi likisimama, abiria anashuka na kuvuka kwa kupita mbele yake. Basi linamficha, na gari linalolipita halimwoni hadi anapochomoza. Dawa yake haihitaji fedha za mkopo: kivuko kiwekwe nyuma ya mahali basi linaposimama, ili anayevuka aonekane na basi liondoke bila kumsubiri. Hata hivyo vituo vingi vyetu vina zebra mbele ya basi, au vina zebra mita 200 kutoka hapo, ambako hakuna mtu anayekwenda.

Na kwa nini daladala linasimama popote, linageuza njiani, linakimbizana na jingine hadi kituoni? Jibu la haraka ni kwamba dereva na konda hawana adabu. Jibu la kweli liko kwenye hesabu. Mwenye gari anadai kiasi maalumu kila jioni. Dereva na konda wakishatoa hesabu ya bosi na mafuta, kinachobaki ndicho chao. Kisipobaki, wamefanya kazi bure. Wengi hawana mkataba. Matteo Rizzo, ambaye aliufuatilia mfumo huu kwa miaka na kuuandikia kitabu kilichotoka mwaka 2017, anaonyesha kwamba ukatili wa barabarani wa daladala umeanzia kwenye mpangilio huo wa kazi. Abiria anayechukuliwa na gari la mbele ni ugali ulioondoka. Mwanafunzi anayelipa nauli pungufu ni kiti kilichopotea, ndiyo maana saa kumi na mbili asubuhi wanafunzi wanaachwa kituoni, wakilikimbilia gari linalotembea. Unaweza kuwatoza faini kila siku. Faini itaingizwa kwenye hesabu, na mwendo utaongezwa ili kuifidia.

Hili nalo limepimwa, mbali kidogo na hapa. Jijini Santiago, Chile, kabla ya mageuzi ya mwaka 2007, madereva wengi wa mabasi walilipwa kwa kila abiria na wengine walilipwa mshahara wa kudumu. Wachumi Ryan Johnson, David Reiley na Juan Carlos Muñoz waliwalinganisha. Waliolipwa kwa abiria walikuwa na faida yao: walijipanga vizuri zaidi kati ya basi na basi, na kwenye njia za mshahara abiria alisubiri kwa asilimia 10 hivi zaidi. Lakini madereva wa kulipwa kwa kichwa walipata ajali asilimia 67 zaidi kwa kila kilomita. Jiji lile lile, barabara zile zile, mabasi yanayofanana. Kilichotofautiana ni namna ya kulipwa.

Kabla hatujafika kwenye mageuzi makubwa, kuna jambo ambalo lilijaribiwa Kenya na likafanikiwa kuliko alivyotarajia mtu. Mwaka 2008 James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika stika ndani ya matatu za safari ndefu, wakizichagua kwa tarakimu ya mwisho ya namba ya usajili. Stika ziliwaambia abiria wasikae kimya dereva anapoendesha vibaya. Hazikumwambia dereva lolote. Katika magari yenye stika, madai ya bima yalishuka kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Waliporudia kwa magari mengi zaidi, matokeo yakiwa yamechapishwa mwaka 2015, upungufu ulikuwa wa asilimia 25 hadi 33, mdogo kuliko mwanzo lakini bado ni mkubwa kwa gharama ya karatasi yenye gundi. Abiria aliyekuwa na hofu moyoni alikuta ameruhusiwa kuisema, na akikuta jirani yake naye anaisema, dereva anapunguza. Sehemu kubwa ya safari zetu tunakufa kwa heshima: hakuna anayetaka kuonekana mwoga mbele ya watu.

Hata hivyo stika haiwezi kubadili hesabu ya bosi. Kinachoweza ni kuondoa fedha mkononi mwa konda. Hiyo, kuliko njia maalumu na mabasi mapya, ndiyo ninayoiona kuwa mabadiliko makubwa ya mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam. Awamu ya kwanza ilianza kutoa huduma Mei 2016, kilomita 21 hivi kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Kariakoo. Ilianza na mabasi 140, kati yake 39 yale marefu ya mita 18. Abiria analipa kituoni kabla basi halijafika. Dereva hamgombanii mtu, hana sababu ya kusubiri gari lijae wala ya kuwahi kituo kinachofuata, kwa kuwa njia ni yake peke yake. Jukwaa liko sawa na sakafu ya basi, mlemavu na mama mwenye mtoto mgongoni wanaingia bila kupanda ngazi. Mwaka 2018 jiji lilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, la kwanza barani Afrika.

Kwa usalama wa mtaa, njia maalumu ina faida isiyosemwa. Tafiti za shirika la EMBARQ, zilizosimamiwa na Nicolae Duduta katika miji ya Amerika ya Kusini na Asia, zilionyesha kwamba barabara iliyogeuzwa kuwa ya mabasi ya namna hii inaweza kupunguza vifo na majeruhi wabaya kwa nusu. Basi lenyewe lina mchango mdogo hapo. Ni kwamba ujenzi wake unaleta visiwa, unapunguza njia za magari, unafupisha umbali wa kuvuka na kuweka taa pale ambapo hapakuwa na kitu. Tafiti hizo hizo zilionya juu ya makosa mawili: mabasi yanayokwenda kinyume na magari mengine upande uleule wa barabara, kwa sababu mvukaji haangalii upande huo, na vituo vya katikati visivyo na kivuko salama cha kuvifikia. Kila abiria wa mwendokasi anavuka nusu ya barabara mara mbili kwa siku. Njia ya kwenda kituoni ni sehemu ya usafiri wa umma kama lilivyo basi.

Mwendokasi ina madhaifu yake na abiria wake hawahitaji kuambiwa. Mabasi hayakutosha tangu mwanzo, foleni za Kimara asubuhi zinajulikana nchi nzima, na bonde la Jangwani linapofurika mto Msimbazi unasimamisha kila kitu, na hali ilizidishwa na uamuzi wa kuweka karakana katikati ya mkondo wa maji ambao hakuna mhandisi angeutetea leo. Abiria anayesubiri saa nzima anarudi kwenye bodaboda, na kilomita kwa kilomita bodaboda ni hatari mara nyingi zaidi kuliko basi. Upungufu wa mabasi kwa hiyo ni suala la usalama, hata kama huandikwa kwenye kurasa za uendeshaji.

Madaraja ya waenda kwa miguu ndiyo yanayopendwa na wapangaji. Manzese ina lake juu ya barabara ya Morogoro, na barabara ya Thika jijini Nairobi, iliyopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, ina mengi. Kwenye barabara ya njia nane hakuna ujanja mwingine. Lakini daraja linapaswa kuachia zaidi ya mita tano kwa malori kupita chini, na hizo ni ngazi zaidi ya 30 kupanda na nyingine kama hizo kushuka, kwa mtu mwenye ndoo ya samaki kichwani, kwa bibi mwenye magoti, kwa anayetembea kwa kiti cha magurudumu. Watu wanaopita chini ya daraja hulaumiwa kwa ukaidi. Wengi wao wamepiga hesabu ya nguvu na muda, na usiku wameongeza hesabu ya vibaka. Ndani ya mtaa, ambako magari yanaweza kupunguzwa mwendo, daraja ni njia ya kuwaondoa watu barabarani ili magari yaendelee kukimbia.

Mwenyekiti wa mtaa na kamati ya shule wanaweza kuanza bila kusubiri awamu yoyote. Kaeni getini asubuhi moja na jioni moja, mhesabu watoto wanavukia wapi. Pimeni upana wa barabara. Andikeni watoto waliogongwa mwaka uliopita, tarehe na mahali, bila majina. Ombeni tuta la mita 3.7 kwa sentimita 10 na zebra iliyoinuliwa, kwa vipimo hivyo hivyo, ili mtu asije kuwamwagia kifusi. Kama geti linaweza kuhamia mtaa wa nyuma, semeni hivyo. Barabara za mitaa na wilaya ziko chini ya TARURA, barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Barua ikienda kwa asiyehusika itakaa kwenye faili miezi sita. Ipelekeni kwa mkono, mgongewe muhuri kwenye nakala, na muulize ni bajeti ya mwaka gani itakayolijenga.